Hank Williams: Gwiji wa kantri aliyeponzwa na dawa za kutuliza maumivu

WAPENZI wa muziki wa kantri humu nchini wamekuwa wakiburudika kwa nyimbo za Jim Reeves na Kenny Rogers kwa miongo mingi. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwao wanaofahamu kwamba njia waliyoipita wasanii hao ilifyekwa na kijana mwembamba kutoka jimbo la Alabama, Marekani, aliyeaga dunia mnamo Januari 1, 1953 akiwa na umri wa miaka 29 pekee.

Kijana huyo ni Hank Williams. Nyimbo zake zote zilizouzwa madukani enzi za uhai wake alizirekodi katika kipindi cha takriban miaka sita, kuanzia Desemba 1946 hadi Septemba 1952. Katika muda huo mfupi alipata umaarufu, pesa na heshima ambayo wanamuziki wengi huisaka maisha yao yote bila kuipata.

Ni katika muda uo huo ambapo maumivu ya mgongo, pombe na dawa alizozitumia kuyatuliza maumivu hayo vilimdhoofisha hadi akawa hawezi kutembea bila kushikiliwa. Kisa chake kingali na uzito hasa wakati huu ambapo vijana wengi huzimeza tembe za kutuliza maumivu kana kwamba ni peremende.

Azaliwa na kasoro

Alizaliwa Septemba 17, 1923 katika kijiji cha Mount Olive, Kaunti ya Butler, Alabama, na kupewa jina la Hiram. Babake, Lon Williams, alifanya kazi katika kampuni za mbao naye mamake, Lillie, alikuwa mwanamke shupavu aliyepiga kinanda kanisani.

Mtoto huyo alizaliwa na kasoro kwenye uti wa mgongo. Ni aina fiche ya ugonjwa unaofahamika kama mgongo wazi, ambapo mifupa ya uti haifungiki sawasawa mtoto angali tumboni mwa mamake. Watu wengi walio na aina hiyo fiche huishi bila kutatizika. Kwa Hank haikuwa hivyo. Maumivu yalimwandama tangu utotoni na hayakumwacha hadi alipoingia kaburini.

Katika familia maskini ya mashambani miaka hiyo, hakuna daktari aliyeitambua kasoro hiyo mapema. Mvulana huyo hakuweza kushindana na wenzake michezoni wala kufanya kazi nzito za msituni. Akajikuta akiegemea zaidi upande wa muziki.

Mnamo 1930, babake alilazwa katika hospitali ya wanajeshi wastaafu, akakaa huko kwa karibu miaka minane. Mzigo wote wa malezi ukamwangukia mamake, aliyeendesha nyumba za kupangisha wageni katika miji ya Georgiana, Greenville na hatimaye Montgomery.

Ni katika mitaa ya Georgiana na Greenville alikokutana na Rufus Payne, mwanamuziki mweusi aliyepiga gita barabarani ili apate riziki na ambaye wenyeji walimwita Tee-Tot. Zama hizo sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala kusini mwa Marekani, lakini mzee huyo alimfunza mvulana Mzungu jinsi ya kulipiga gita na kuwateka wasikilizaji. Malipo yake aghalabu yalikuwa sarafu chache au sahani ya chakula kutoka kwa Lillie.

Payne alifariki mwaka wa 1939 akiwa fukara, kabla ya kumshuhudia mwanafunzi wake akitamba. Baadaye Hank alimtaja waziwazi kuwa mwalimu pekee wa muziki aliyewahi kuwa naye.

Pombe yawa tiba

Familia ilipohamia Montgomery mnamo 1937, kijana huyo aliamua kujiita Hank kwa kuona kwamba jina hilo lilimfaa zaidi mwimbaji wa kantri. Haikuchukua muda kabla ya kupata nafasi ya kuimba katika kituo cha redio cha WSFA na kuunda bendi yake, Drifting Cowboys. Mnamo 1939 aliacha shule ili aimbe na bendi hiyo kwenye kumbi za densi.

Kumbi hizo zilijaa ulevi. Hank alikuwa ameonja pombe akiwa bado mvulana, na aligundua mapema kwamba kileo kilimpunguzia maumivu ya mgongo kwa saa chache. Kwa kukosa tiba ya kweli, akaifanya chupa kuwa daktari wake.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, wanabendi wake waliitwa jeshini mmoja baada ya mwingine. Yeye alikataliwa kwa sababu ya mgongo, ambao ulikuwa umezidi kuumia baada ya kuangushwa na fahali katika mchezo wa kuwapanda wanyama hao. Alienda kufanya kazi katika kiwanda cha kuunda meli mjini Mobile, na mnamo Agosti 1942 kituo cha WSFA kikamfuta kazi kwa sababu ya ulevi wa kila mara. Wakati huo alikuwa hajafikisha hata miaka 19.

Mwaka uliofuata alikutana na Audrey Sheppard, aliyekuja kuwa mkewe Desemba 1944. Walikutana katika maonyesho ya wachuuzi wa dawa waliozunguka vijijini, ambapo wanamuziki walialikwa kuvutia umati ili mchuuzi apate kuuza chupa zake za dawa ya kutibu kila kitu. Biashara ya aina hiyo ingemfuata Hank hata alipokuwa nyota.

Nyota yang’aa

Audrey ndiye aliyemsukuma kwenda Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, ambapo mnamo 1946 alikutana na mtunzi na mchapishaji Fred Rose. Rose alikuwa amewahi kuwa mlevi na akaacha, hivyo alimwelewa kijana huyo kuliko wengi. Alimsaidia kuboresha tungo zake, akamtafutia mkataba na kampuni ya MGM na kumsihi mara kwa mara aachane na chupa.

Mnamo 1948 Hank alijiunga na kipindi cha redio cha Louisiana Hayride mjini Shreveport. Mwaka uliofuata, wimbo Lovesick Blues ulikaa katika nafasi ya kwanza kwa majuma 16. Juni 11, 1949 alipanda kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la Grand Ole Opry, Nashville, na inasimuliwa kwamba umati ulimrudisha jukwaani mara sita.

Majuma mawili hivi kabla ya usiku huo, mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye baadaye alikuja kuvuma kama Hank Williams Jr.

Tungo zake zilivuka mipaka ya kantri. Mnamo 1951, mwimbaji Tony Bennett aliurekodi upya wimbo Cold, Cold Heart na kuufikisha kwa mamilioni ya wasikilizaji wa mijini ambao hawakuwa na habari na muziki wa mashambani. Fauka ya hayo, Hank alitumia jina la Luke the Drifter kurekodi masimulizi ya mawaidha yaliyowaonya watu dhidi ya maisha ya upotovu. Mawaidha hayo yeye mwenyewe hakufaulu kuyafuata.

Wakati huo huo alikuwa akilitangaza tangazo la ajabu. Mnamo Oktoba 1949 alirekodi vipindi vya redio vilivyobeba jina la afya na furaha, vikidhaminiwa na dawa ya chupa iitwayo Hadacol. Mnamo 1951 alijiunga na msafara mkubwa wa wasanii uliozunguka miji ya Marekani kuinadi dawa hiyo, na kiingilio kilikuwa vifuniko vya maboksi yake.

Hadacol iliuzwa kama dawa ya kutia mwili nguvu. Ndani yake mlikuwa na vitamini kadhaa na asilimia 12 ya pombe. Mamilioni ya Wamarekani waliinunua wakiamini wanajitibu. Mtu aliyekuwa akiangamizwa na tabia ya kujitibu kwa pombe ndiye aliyepanda jukwaani kuwaburudisha.

Kutoka pombe hadi mofini

Msimu wa majani kupukutika mwaka huo wa 1951, Hank alianguka alipokuwa akiwinda huko Tennessee na mgongo ukaumia vibaya. Mnamo Desemba alifanyiwa upasuaji wa uti katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville. Upasuaji wa aina hiyo huhitaji miezi ya kupumzika. Yeye aliondoka hospitalini kabla ya Krismasi.

Kuanzia hapo maisha yake yalibadilika. Mbali na pombe, alianza kutegemea dawa kali za kutuliza maumivu, ikiwemo mofini, pamoja na dawa za usingizi. Januari 1952 yeye na Audrey walitengana, na kabla ya mwaka kukamilika walikuwa wamepeana talaka.

Mofini hutokana na utomvu wa mpopi. Inapoingia mwilini huishika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo na kuzuia ujumbe wa maumivu. Huleta pia hali ya utulivu na raha. Tatizo ni kwamba mwili huizoea upesi. Kipimo kilichotosha wiki iliyopita huwa hakitoshi tena, na mtumiaji anapoikosa hutetemeka, hutokwa na jasho na kusikia maumivu makali kuliko yale ya awali.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba mofini hupunguza kasi ya kupumua. Pombe hufanya vivyo hivyo, sawa na dawa za usingizi. Kila moja ikitumiwa peke yake kwa kipimo sahihi huenda isimdhuru mtu, lakini zikichanganywa huongezeana nguvu hadi pumzi ikakatika usingizini. Mchanganyiko huo ndio aliokuwa akiutumia Hank katika mwaka wa mwisho wa uhai wake.

Alianza kukosa kufika kwenye maonyesho au kufika akiwa hajiwezi. Mashabiki waliolipa pesa zao walimzomea. Agosti 11, 1952 Grand Ole Opry ilimtimua, na akalazimika kurejea Shreveport alikoanzia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kipaji chake hakikufifia. Mwaka huo huo alirekodi Jambalaya, uliovuma kote Marekani, na katika kikao chake cha mwisho studioni, Septemba 23, alirekodi Your Cheatin’ Heart. Mwezi uliofuata alimwoa Billie Jean Jones, na sherehe ya harusi ikarudiwa kwenye ukumbi mjini New Orleans mbele ya maelfu ya watu waliokata tiketi.

Daktari asiye daktari

Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mnamo 1951 iliyotenganisha dawa zinazoweza kununuliwa na yeyote na zile zinazohitaji agizo la daktari. Sheria hiyo ilinuiwa kuwakinga wananchi. Lakini ulinzi huo ulitegemea uaminifu wa mkono ulioshika kalamu.

Mnamo 1952 alijitokeza Toby Marshall, aliyedai kuwa daktari na mtaalamu wa kutibu ulevi. Kwa kweli hakuwa amesomea udaktari. Alikuwa amewahi kufungwa jela na shahada aliyojivunia ilikuwa ya kununuliwa. Hank, aliyekuwa tayari kumkumbatia yeyote aliyemwahidi nafuu, alimwajiri.

Marshall alimpa dawa ya usingizi iitwayo kloro haidreti, pamoja na dawa nyingine za kumlevya na za kumchangamsha. Kloro haidreti ni hatari mno kwa mtu anayekunywa pombe, na mgonjwa wake alikunywa pombe karibu kila siku. Ukweli kuhusu daktari huyo bandia ulifichuka mwaka wa 1953, wakati maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Kufikia mwisho wa 1952, Hank alikuwa amevimba uso, nywele zimeanza kumtoka, na alilalamikia maumivu ya kifua. Waliomzunguka waliiona hali hiyo. Hata hivyo, kulikuwa na tiketi zilizouzwa, bendi iliyongoja mishahara na mapromota waliodai tarehe zao zitimizwe. Ilikuwa rahisi kumtafutia sindano nyingine ili asimame jukwaani kuliko kumlaza hospitalini.

Safari ya mwisho

Alitakiwa kutumbuiza Charleston, West Virginia, Desemba 31, na Canton, Ohio, siku ya Mwaka Mpya. Alimkodi mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni amwendeshee gari lake aina ya Cadillac. Walipofika Knoxville, Tennessee, walijaribu kuruka kwa ndege lakini hali mbaya ya hewa ikairudisha, na onyesho la Charleston likafutiliwa mbali.

Katika hoteli waliyokodi mjini humo, Hank alishikwa na kwikwi isiyokoma. Daktari aliyeitwa alimdunga sindano mbili za mofini iliyochanganywa na vitamini B12. Kabla ya hapo alikuwa amekunywa pombe na kumeza kloro haidreti. Usiku huo wahudumu wa hoteli ndio waliombeba hadi garini, naye akalazwa kiti cha nyuma.

Gari lilisafiri usiku kucha kwenye barabara za milimani. Alfajiri ya Januari 1, 1953, lilipofika mji mdogo wa Oak Hill, West Virginia, dereva alimgusa abiria wake na kumpata akiwa baridi na amekakamaa.

Uchunguzi wa maiti ulitaja moyo kushindwa kufanya kazi kuwa chanzo cha kifo, na pombe ikapatikana katika damu yake. Mchango wa mofini na kloro haidreti umejadiliwa na waandishi wa historia yake tangu wakati huo. Lakini ni vigumu kwa yeyote anayeielewa kazi ya dawa hizo kuamini kwamba hazikuchangia.

Alizikwa Januari 4 mjini Montgomery, na maelfu ya waombolezaji wakafurika hata nje ya ukumbi. Mwezi huo huo wimbo wake unaozungumzia kutotoka duniani akiwa hai ulipanda hadi nafasi ya kwanza. Katika mwaka huo nyimbo zake nyingine tatu, ukiwemo Your Cheatin’ Heart, zilifika kileleni bila ya mwenyewe kuwepo.

Mnamo 1961 aliingizwa katika Jumba la Wakfu la Muziki wa Kantri akiwa miongoni mwa watatu wa kwanza, pamoja na Jimmie Rodgers na rafiki yake Fred Rose. Mnamo 2010, miaka 57 baada ya kifo chake, alitunukiwa tuzo maalum ya Pulitzer.

Funzo kwa vijana

Hank hakuwa wa mwisho. Elvis Presley alifariki Agosti 1977 akiwa na umri wa miaka 42, na dawa nyingi za kuandikiwa zilipatikana mwilini mwake. Prince, ambaye pia alisumbuliwa na maumivu, alikufa Aprili 2016 baada ya kutumia fentanyl, dawa yenye nguvu kuliko mofini. Mnamo 2021 pekee, zaidi ya watu 100,000 walifariki Marekani kutokana na kupitisha kipimo cha dawa na mihadarati, wengi wao wakiuawa na dawa za jamii hiyo.

Afrika nayo haijasazwa. Nigeria ilipiga marufuku utengenezaji na uagizaji wa dawa ya kikohozi yenye kodeini mnamo 2018 baada ya kubainika kwamba vijana waliinywa ili kulewa. Tramadol, ambayo ni ya jamii moja na mofini, imekuwa ikitumiwa vibaya katika mataifa kadhaa ya bara hili, baadhi wakiimeza ili wafanye kazi ngumu bila kuchoka na wengine ili wajiburudishe. Hapa Kenya pia ni dawa inayohitaji agizo la daktari.

Hata tembe za kawaida zina mipaka. Mtu mzima hafai kupitisha gramu nne za paracetamol kwa siku, yaani tembe nane za miligramu 500, kwani ziada huweza kuharibu ini. Wengi hujipata wamepita kiwango hicho bila kujua, kwa sababu dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani yake. Ibuprofen na diclofenac zikitumiwa kiholela kwa muda mrefu husababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Hii haina maana kwamba dawa za maumivu ni adui. Mofini iyo hiyo huwapa wagonjwa wa saratani katika Nairobi Hospice na vituo vingine vya aina hiyo usingizi ambao wangeukosa. Huko hutolewa kwa kipimo, na mgonjwa hufuatiliwa na watu waliosomea kazi hiyo. Tofauti kati ya tiba na sumu ni kipimo, usimamizi na sababu ya kuitumia.

Hank Williams hakuwa mhuni aliyetafuta raha. Alikuwa kijana mgonjwa ambaye maumivu yake yalikuwa ya kweli na hayakutibiwa ipasavyo, kwanza kwa ajili ya umaskini na baadaye kwa ajili ya haraka ya kurudi jukwaani. Kijana anayeumwa na mgongo, kichwa au tumbo kwa wiki nyingi anahitaji kuchunguzwa hospitalini ili chanzo kijulikane. Pakiti nyingine ya tembe kutoka dukani humnyamazishia tu maumivu huku ugonjwa ukiendelea kukita mizizi.

Naye ambaye tayari amezoea dawa hizo hana sababu ya kuona haya. Uraibu ni ugonjwa unaotibika, na mamlaka ya NACADA ina nambari 1192 inayopigwa bila malipo kwa anayehitaji ushauri. Mnamo 1952 Hank hakuwa na mlango kama huo wa kubisha. Aliyemfungulia mlango ni Toby Marshall.